Seji Nyuma ya Jiko

Ijumaa hiyo Syovata aliomba ruhusa kazini. Alibandika maharagwe, kisha akajibanza ndani ya jiko lake la makuti, jicho kwenye upenyo, akimsubiri jirani yake aje kuiua seji yake, ule mmea wa kiungo.

Kwamba nia ilikuwa kuiua, hilo halikuwa na shaka tena kichwani mwake tangu watoto wa mtaa wamwambie waliyoyaona. Mtu mzima hapenyi ua wa wenzake kila Ijumaa, birika mkononi, wenyewe wakiwa kazini, halafu ukaambiwa ni kwa wema.

Na seji ile haikuwa mboga ya kuchuma na kusahau. Mamake aliipanda kwao Mwala, huko bara, akawatibia wanawe wote vikohozi. Alipofariki na shamba likauzwa, Syovata alikata vijiti, akavifunga kwenye kitambaa kibichi na kuja navyo Msambweni, alipopata kazi ya upishi katika hoteli moja ya Galu. Kwa mamake hakubakiwa na kitu kingine.

Pwani ikavikataa vijiti. Seji huchukia maji yanayotuama, na mvua za huku hazina adabu. Alivipanda mbele ya nyumba vikaoza, akavipanda kando ya bomba vikaoza. Kilichopona ni kile kimoja alichokichomeka nyuma ya jiko, kwenye kituta kifupi kilichozungushiwa mawe ya matumbawe. Bila shaka mpangaji wa zamani alikuwa na bustani yake ya maua. Hapo maji yalipita, mizizi ikashika, na kijiti kikawa kichaka cha majani ya kijivu yenye manyoya. Alikipogoa, kikachipua. Majani akayatia kwenye mchuzi wa kuku, na nyumba nzima ikanukia kwao.

Jiwe moja refu lililosimama mwanzoni mwa kituta lilimsumbua kupalilia. Aliling'oa. Jikoni alikuwa na mafiga mawili tu, basi jiwe hilo likawa la tatu.

Jirani mwenyewe alikuwa Bi Mwanapili, mjane mpole wa maneno. Upole huo ndio uliomtia Syovata wasiwasi zaidi, hasa alipopata habari kwamba nyumba aliyopanga iliwahi kuwa ya mjane huyo. Mumewe alipokufa, shemeji yake Waziri aliichukua na kuipangisha.

"Anataka uhame," Jemima, mpishi mwenzake, alimwambia. "Watu wa huku wana fingo, dawa ya kufukia ardhini. Ikishafukiwa, mpangaji halali usingizi mpaka afungashe virago."

Nyumbani Maweu, mume wa Syovata, alicheka tu alipoyasikia hayo. "Labda anakusaidia kumwagilia."

"Bure? Mie nimekuwa nani kwake?"

"Mpishi mzima unaogopa birika," akasema Maweu, akaendelea kula.

Lakini kisa cha jiwe kilimnyamazisha hata Maweu. Juma lililopita Bi Mwanapili alimwita Syovata uani. Aliuliza hali yake, hali ya mumewe, hali ya kazi, hali ya wazee bara. Alipoyamaliza yote hayo ndipo akasema, "Binti yangu, pale nyuma ya jiko palikuwa na jiwe refu. Hukuliona?"

"Sikuliona, mama," akajibu Syovata, uso mkavu.

Bi Mwanapili alijifunga leso yake upya. "Haya. Huenda watoto wamelichezea."

Sasa niambie, mtu mwenye akili timamu anaulizia jiwe? Syovata alipata jibu lake papo hapo. Jiwe lilikuwa alama, na chini ya kituta kulikuwa na kitu.

Alipokuwa akiwaza hayo, ua ukachakarika. Bi Mwanapili aliingia na birika lake, akavua ndara. Alimimina maji taratibu kutoka mwanzo wa kituta hadi mwisho wake, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akainama, akapikicha jani la seji, akalinusa na kufumba macho.

Syovata hakuweza kuvumilia tena. Alitoka na jembe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, binti yangu. Kumbe leo upo?"

"Nipo. Na leo utaniambia unanifanyia nini hapa. La sivyo nauhamisha mmea wangu, halafu nakichimbua hiki kituta nikione mwenyewe mlichokifukia."

Bi Mwanapili alilitazama jembe. Akakaa pale pale kwenye tope na kuulaza mkono wake juu ya udongo.

"Usichimbe, nakuomba. Kwani Waziri hakukwambia?"

"Aniambie nini?"

"Mimi nikajua amekwambia, ndiyo maana nikawa nakuombea dua kila nikija." Alifuta macho kwa ncha ya leso. "Tangu nimzike Nassir wangu hapa, wapangaji wamepita wengi. Huyu anaanika nguo, yule anamwaga maji ya vyombo. Mwanangu huyo hata miaka miwili hakuitimiza. Ni wewe peke yako uliyempandia mrehani kaburini, japo ni mrehani wa kwenu bara."

Jembe lilimponyoka Syovata.

"Kilichobaki ni kulipata lile jiwe lake la kichwani tu," akasema Bi Mwanapili, akijiinua polepole. "Babake alilichonga kwa mkono wake. Ukiliona popote, binti yangu, usiache kuniambia."

Ndani ya jiko maharagwe yalifurika, yakamwagikia mafiga kwa mvuke na kishindo, na Bi Mwanapili akageuka kutazama. Syovata alirudi nyuma, akauziba mlango kwa mwili wake.