Msasa wa Mke wa Fundi

Mashine ililia tena, taa nyekundu ikawaka.

"Fundi, alama za vidole umemwachia nani?" afisa wa viza aliuliza. "Bila alama, kibali cha kazi hakuna."

Fundi mwashi alivitazama vidole vyake, laini kama vya mtoto mchanga. Jana mkewe alivisugua kwa msasa mpaka simenti yote ikang'oka. "Mume wangu haendi ughaibuni na mikono ya zege!" Nyumba nzima ilicheka, na shemeji akawahi kuomba kitanda chake kitakachobaki wazi.

"Jaribu hicho kidogo cha mwisho," afisa alisema.

Hicho mkewe alikiacha, maana fundi alikuwa ameshapiga mayowe. Alikifuta jasho kwenye shati, akakibandika juu ya kioo, akafumba macho.

Safari hii mashine haikulia, wala taa nyekundu haikuwaka.

"Usikitoe, fundi," afisa alinong'ona. "Usikitoe hapo."