Tiara ya Kwanza ya Sudarsa

"Nipe hii kubwa," Sudarsa alisema, akiinyooshea kidole tiara ya kitambaa, ya kumvuta mtu kwa upepo, iliyotandazwa mchangani.

"Ndiyo ya kwanza kwako, kaka?" muuzaji alimuuliza.

"Dada, mimi mtu wa Sanur, kwetu kurusha tiara ni jadi! Tiara ya mtaa wetu huinuliwa na wanaume kumi, na wa mbele kwenye kamba ni mimi."

"Na upepo ukizidi?"

"Nang'ang'ania. Tiara ya mtaa ikianguka, watu nitawatazamaje?" Akakunjua kiganja. Kovu jeupe la kamba lilikikata toka upande hadi upande.

Muuzaji aliligusa kovu lile kwa kidole. Kisha akaikunja ile kubwa, akamkabidhi vishikio vya ndogo kuliko zote.

"Hii ya watoto," Sudarsa alinung'unika.

"Hapa huna wenzako tisa nyuma. Nikisema achia, achia."

Upepo ukaijaza. Visigino vya Sudarsa vikachora mifereji mchangani.

"Achia, kaka! Achia!"

Aliburutwa kifudifudi mpaka majini. Muuzaji alipomfikia, alimkuta anatema mchanga, vishikio vingali ngumini, macho juu.

"Umeona, dada?" alisema. "Haijaanguka."