Futi ya Mama Zuhura

"Baba Zuhura, hujaiona futi yangu ya kupimia?"

Mzee Shekue akatikisa kichwa, na futi yenyewe imejikunja mfukoni mwake kama jongoo. Kiwanda cha nguo kilichomstaafisha yeye mwaka jana, eti amezeeka, ndicho hichohicho kilichomwita mkewe, mwenye miaka sitini na moja, akawafunze vijana kushona. Kwa wivu, alikuwa ameificha.

"Basi leo huendi tena," alisema.

Mkewe akacheka, akatanua vidole. "Nitapima kwa shubiri, kama alivyonifunza mama."

Akatoka na viatu vyake vipya. Mzee akabaki na kiti chake. Akaitoa ile futi, akainyoosha sakafuni, kutoka miguuni pake kuelekea mlangoni. Iliishia njiani, haikuufikia mlango aliotokea mkewe.