Sare za Manowari

Dobi Msellem alifika gatini na furushi la sare nyeupe za mabaharia wa Kiingereza, zimetiwa kanji na kupigwa pasi, kama walivyoagana.

"Rudi nazo, mzee wangu," askari wa zamu alimwambia. "Manowari yao imepigwa huko baharini, imezama. Hakuna aliyeokoka."

Nyumbani mkewe alilifungua furushi. "Nguo za marehemu hufuliwa kwanza, ndipo zigawiwe."

"Si nimeshazifua, Mama Zuhura?"

"Ulizifua wakiwa hai."

Basi Msellem akajaza maji hodhi la kufulia, akazitia zote. Zikajaa hewa, zikaelea kifudifudi, mikono imetanda. Ilibaki kuzikandamiza tu, zizame. Msellem alisimama pale, viganja vyake juu ya maji, havishuki.