Ndege Ilikuwa ya Nani

Mama mfiwa alimpa mwandishi wa redio kigoda pekee kilichosalia, yeye akaketi juu ya matofali ya ukuta wake ulioanguka. Kisha akakifuta kinasa sauti cha mgeni vumbi kwa upindo wa nguo yake.

"Kisije kikapaliwa," alisema, na mwandishi akacheka kidogo.

Mama akaeleza taratibu. Ndege ilikuwa ya serikali, rangi zake aliziona. Ilipita chini, ikageuka, ikaangusha bomu. Wajukuu wake walikuwa wakianua nguo.

Mwandishi aliitikia kwa kichwa kila neno, lakini kitufe cha kunasia hakukibonyeza. Mkuu wake alikwisha kumwagiza: habari itasema kila upande unamlaumu mwenzake, basi. Naye alikuwa na watoto wa kulisha.

"Imeingia yote, mwanangu, au nirudie? Mdomo huu hauna meno, maneno mengine huponyoka."

Uso ulimshuka mwandishi.

"Haikuingia hata kidogo, mama. Kosa ni langu. Naomba urudie."

Akabonyeza. Taa ndogo nyekundu ikawaka, naye hakuweza kumtazama mama.

"Pole, baba," mama akasema, akimgusa bega. "Kumbe na wewe umechoka."

Akaanza upya, tangu zile nguo kambani.