Msumeno na Maneno Ishirini

"Umesema watoto wachome vitabu?" mzee aliuliza, kalamu imesimama juu ya karatasi.

Msichana aliyekuwa nyuma ya kioo cha studio akasogelea kipaza sauti. "Hapana, Mwalimu. Nimesema wasome."

"Nimeandika nilichosikia." Mzee akaibandika karatasi kwenye kioo ili binti ajionee mwenyewe. "Wachome. Nchi nzima ingeamka na viberiti mkononi. Nenda nyumbani, mwanangu, ukasaidie mama kazi."

Msichana akatoka huku anajifuta macho kwa kiganja. Alikuwa wa tisa wiki hiyo.

Pale redioni mzee walimwita Msumeno, kwa sababu alikata akienda na akirudi. Alikuwa amestaafu kusoma habari, lakini hakuna aliyekabidhiwa kipaza sauti kabla hajapita mikononi mwake. Nafasi zilikuwa tatu. Mpaka sasa alikuwa amempitisha mwanamume mmoja tu, mwenye sauti kama pipa tupu linaloviringishwa barabarani. Wasichana wote walikuwa wamekatwa.

Kwake sababu ilikuwa wazi. Vijana wa siku hizi wanatafuna maneno kama wanaona haya kuyatema. Wakisema "s" haina makali, wakisema "sh" ni upepo, na wasichana ndio balaa zaidi, sauti nyembamba zinazofia njiani kabla hazijamfikia mtu. Nyumbani nako mambo yalikuwa yaleyale. Mkewe alikuwa ameanza kunung'unika badala ya kusema, na wajukuu walimpigia simu wakiongea kama walio chini ya maji. Uvivu mtupu wa ulimi.

"Mwalimu," fundi mitambo alisema kwa sauti yake nzito, "mimi nimesikia 'wasome'."

"Wewe umesikia ulichotaka kusikia. Ndiyo maana wewe unabonyeza vitufe na mimi natoa alama."

Mlango ukafunguliwa, mkurugenzi akaingia. Mama huyu alikuwa mwanafunzi wake zamani, wakati sauti za wanawake bado zilikuwa sauti. Akamshika mzee bega, akainama karibu.

"Amebaki mmoja, Mwalimu. Huyu nakuomba umpe muda wote anaoutaka."

"Nitampa muda. Alama sikuahidi."

Aliyeingia alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, mkoba wa ngozi begani. Badala ya kwenda nyuma ya kioo, alivuta kiti akaketi mbele ya mzee, uso kwa uso.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Sauti ya mwanamke ilikuwa nene na ya taratibu. Walau ilifika.

"Kabla sijaanza, naomba niulize kidogo. Kazi hii umeifanya miaka mingapi?"

"Thelathini na minne."

"Na hedifoni masikioni siku nzima?"

"Siku nzima, na sauti mpaka mwisho! Si kama ninyi mnaoogopa kuharibu nywele."

"Na mzee wako, naye alikuwa mtu wa redio?"

"Baba? Alipozeeka aliifungulia mpaka majirani wakahama." Mzee akajikuta anacheka.

Mwanamke akaandika kidogo kwenye daftari lake. Mzee akalitazama lile daftari akaridhika moyoni. Hatimaye mtu mwenye adabu ya kunukuu maneno ya aliyemzidi. Anajipendekeza, ndiyo, lakini hata kujipendekeza kunataka ujuzi.

"Nimeagizwa nisome neno mojamoja," mwanamke akasema. "Maneno ishirini. Wewe uandike unachosikia, kama kawaida yako."

"Hiyo ni kazi ya chekechea."

"Ndivyo alivyoagiza mkurugenzi."

Mzee akashusha pumzi, akavuta karatasi mpya. Mwanamke akainua yake mpaka puani, ikamfunika mdomo.

"Shusha hiyo karatasi!"

"Niwie radhi, Mwalimu. Naona aibu."

Aibu! Mtu mzima na miwani yake! Huyo ndiye aliyetaka kuwasomea watu habari za asubuhi. Mzee akatikisa kichwa, akaanza kuandika. *Choka. Fuka. Chungu.* La nne lilikuwa mvumo tu. Akachora mstari, mnene, kwa dharau iliyostahili. La saba akalikisia. La kumi akamtupia jicho fundi mitambo, na fundi akaangalia vitufe vyake.

Lilipofika la kumi na tano, shati lilikuwa limemganda mgongoni. Mwanamke yuleyule aliyesikika vizuri dakika mbili zilizopita, sasa alikuwa anatafuna kama wenzake wote. Kumbe alimpumbaza kwa maswali! Mzee akaandika kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi, akaandika mpaka ishirini yalipotimia.

"Basi!" Akamsukumia karatasi mezani. "Hebu tazama ulivyoyavunja maneno ya watu. Nimewasikia wabovu hapa, lakini wewe umewapita. Umefeli, mama. Umefeli vibaya sana."

Mwanamke akaivuta karatasi, akaiweka sambamba na yake, akatoa kalamu nyekundu mkobani. Akashuka nayo neno kwa neno, hapa alama ya vema, hapa mkato, mkato, mkato, mpaka chini.

"Nane kati ya ishirini, Mwalimu," alisema, akihakikisha anamtazama usoni. "Mkurugenzi aliniambia kliniki yangu ya masikio usingeikanyaga hata ukivutwa kwa kamba."