Bata Yuko Ngangari

Kuku wote walikuwa wamekufa, vilemba vyao vimegeuka zambarau kama vilivyochovywa kwenye wino. Mwenye banda, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Kuku, alisimama mlangoni mikono kichwani.

"Hakusalia hata mmoja?" daktari wa mifugo aliuliza huku akivaa glavu.

"Kasalia bata tu, Daktari. Yeye yuko ngangari! Jana kuku walipoanza kusinzia, nilimtoa humu mbio mbio, wasije wakamwambukiza."

Daktari akaacha kuvuta glavu. Ikabaki ikining'inia vidoleni mwake kama ngozi iliyobambuka.

"Sikiliza, mama. Mwili wa bata una askari wanaomnusa adui mapema. Anaweza kuwa na mafua haya ya ndege, yanayoambukiza hata watu, na asiumwe kabisa. Kuku hana askari hao. Huenda bata ndiye aliyewaletea."

Mama Kuku akaishusha mikono yake polepole.

"Umemweka wapi?"

Mama Kuku aliigeukia nyumba yake. Macho yake yalikuwa yameshakimbilia dirisha la chumba cha watoto. Humo kitindamimba wake alikuwa akicheka mpaka anapaliwa.

"Mama, njoo uone! Bata anachukua mkate mdomoni mwangu!"